Tulikwisha Kukulilia

Meheba, Zambia
12 Januari 2025

Kwako mdogo wangu Lévi, mwana wa Mama Feza wa Kavimvira,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio. Mvua huku imenyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni, na majirani zangu wanakusalimu ingawa hawakujui. Kama wewe si yule Lévi ninayemdhania, nisamehe, choma karatasi hii na uniombee. Kama ndiye, kaa chini kwanza.

Ni mimi, Cyriaque. Kaka yako. Sikufa.

Pasta Elisante, Mtanzania anayetuchungia kanisa hapa kambini, alikuwa anatazama kwenye simu yake ibada ya Wakongomani walioko Marekani, katika mji unaoitwa Laurel. Nilikaa kando yake nikitazama picha tu, kwa sababu bomu liliniondolea usikivu, na leo sisikii hata radi. Nikamwona mtu anapiga ngoma kwa mkono wa kushoto, kichwa amekilaza upande kama mtu anayeiba siri ya ngoma yenyewe. Nikamshika Pasta mkono, nikamwambia, "Huyu ametoka tumboni mwa mama yangu." Akadhani nimepagawa. Hata hivyo aliwaandikia watu wa kanisa hilo, nao wakampa namba yako.

Siku ile katika barabara ya Fizi, nilipowaacha vichakani nikarudi kumtafuta Mama, wale wenye bunduki walinikamata. Niliwabebea mizigo msituni hata nikasahau majina ya miezi. Nilipotoroka nilielekea kusini, nikavuka, nikafika huku. Niliwatafuta. Kila niliyemuuliza alisema watu wa barabara ile hawakubaki. Nikaamini, kwa sababu nilichoka kutoamini.

Sasa niambie nani yuko hai. Mke wangu Anysie yuko wapi? Mtoto wetu Uwase yuko wapi? Alikuwa na miaka miwili, akiogopa kuku. Niambie hata kama ni kaburi.

Kunipigia simu ni kazi bure. Niandikie, piga barua picha, umtumie Pasta. Yeye hupata mtandao mzuri akienda mjini Solwezi, na huniletea karatasi.

Kaka yako,
Cyriaque


Laurel, Maryland
9 Machi 2025

Kaka yangu mpendwa Cyriaque,

Amani ya Mungu iwe nawe. Sisi huku tu wazima, baridi ndiyo inatutesa. Theluji iliyeyuka, ikarudi tena. Naandika kwa mkono ili uuone mwandiko wangu uamini.

Usichukulie kuchelewa kwangu kuwa dharau. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Kazi yangu ni kuendesha gari la kuwapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu na kuwarudisha majumbani kwao. Picha ya barua yako iliingia nikiwa nimeegesha hospitalini, nikingoja mgonjwa. Nilisoma hadi pale uliposema "sikufa", nikaweka kichwa juu ya usukani. Mgonjwa wangu, mama mmoja Mmarekani mzee sana, alipofika akanikuta hivyo. Akanipa kitambaa chake, akaniambia hana haraka.

Kaka, tulikwisha kukulilia. Tulipofika Nyarugusu, Tanzania, tulikungoja. Kila kundi jipya lililoingia kambini tulikwenda kutazama nyuso. Mwaka wa pili wazee wakasema mtu aliye hai angekwisha kutuma hata neno. Tukanyoa nywele, kanisa likaomboleza, nikaitwa mkubwa wa nyumba badala yako. Nilikuwa kijana tu.

Sasa majibu yako. Anysie yuko hai. Yuko Marekani, si mbali na mimi. Anatunza wazee majumbani mwao, upande wa Arlington, ng'ambo ya mto. Uwase ni mzima, mrefu, huenda amekupita. Anasoma chuo, mwaka wa kwanza. Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, ndivyo walivyo watoto wa huku wote. Kuku hawaogopi tena, anawala.

Mimi nami nimepata familia. Nina wavulana wawili, Didier na Isack.

Ninalo swali moja. Ulirudi kumtafuta Mama. Ulimpata? Amelala wapi?

Mdogo wako,
Lévi


Meheba
30 Machi 2025

Mdogo wangu Lévi,

Asante kwa barua. Siku Pasta aliponiletea nilichinja jogoo, nikaita majirani, tukala mpaka mbwa wakashiba. Nilimwonyesha kila mtu mahali ulipoandika "yuko hai". Wengine hawajui kusoma, lakini walikitazama kidole changu wakafurahi. Mahindi nimeanza kuvuna.

Lakini, Lévi, nimeisoma barua yako mara nyingi, na kuna mahali panapokwaza.

Umesema Anysie hayuko mbali nawe. Mtu asiye mbali hupelekewa habari kwa miguu. Mbona hajaniandikia hata mstari? Anaumwa? Amekasirika kwamba nilichelewa? Mwambie aandike hata kunitukana. Nitafurahi kuona mkono wake.

Umesema una wavulana wawili. Umenitajia majina yao, mama yao hukumtaja. Shemeji yangu anaitwa nani, nimweke katika maombi?

Pasta anasema mke aliye Marekani anaweza kumwombea mumewe ruhusa ya kwenda. Mimi sijui mambo ya maofisi. Mwulize Anysie kama yuko tayari.

Habari ya Mama siiandiki katika karatasi.

Kaka yako,
Cyriaque


Laurel
8 Juni 2025

Kaka Cyriaque,

Salamu kutoka kwetu sote. Joto limeanza, watoto wanakaribia kufunga shule. Didier amechaguliwa timu ya mpira, Isack ameng'oka meno mawili ya mbele na anajivunia pengo lake. Nisamehe kwa ukimya, gari liliharibika, halafu tukabadilishiwa zamu kazini.

Kuhusu karatasi za kuja huku, mambo yamekuwa magumu mwaka huu. Milango mingi imefungwa, hata waliokuwa na tiketi mkononi wamerudishwa kambini. Usiweke matumaini huko kwa sasa.

Kuhusu Anysie, nitaongea naye. Ana kazi nyingi. Mzee anayemtunza hali yake ni mbaya na haruhusiwi kumwacha. Habari kama yako haitaki haraka, yataka wakati wake. Nivumilie.

Nimeuliza daktari mmoja kama masikio yako yanaweza kusaidiwa na vifaa. Amesema lazima upimwe. Je, huko kuna hospitali ya kukupima?

Mama watoto ni mzima, anakusalimu sana.

Lévi


Meheba
29 Juni 2025

Lévi,

Leo sina salamu.

Masikio yangu yaache. Nakuuliza kitu kimoja, nijibu kwa ndiyo au hapana. Anysie anajua kwamba niko hai?

Cyriaque


Laurel
17 Agosti 2025

Kaka Cyriaque,

Sijui nianzeje kukusalimu. Watoto ni wazima. Mimi nina uzima wa mwili tu.

Siku ulipouliza, jibu lilikuwa hapana. Leo jibu ni ndiyo, lakini si mimi niliyemwambia.

Mama wa wavulana wangu ni Anysie.

Nimeiandika sasa, na naona ni maneno machache kuliko nilivyoyaogopa. Tulipokwisha kukulilia, Anysie alikuwa na Uwase mgongoni na hakuwa na mtu. Wazee wa ukoo waliobaki walituita. Wakasema mke wa marehemu haachwi atangetange kambini, na mtoto wa Cyriaque hatalelewa na mgeni. Tukafunga ndoa mbele ya mchungaji. Mwanzoni hayakuwa mapenzi, Kaka. Yalikuwa ni kuisitiri nyumba yako. Mapenzi yalikuja baadaye, na hilo ndilo lililonizuia kukuandikia. Kama ningekuwa namtunza tu, ningekwambia tangu barua ya kwanza.

Uwase tangu utotoni anajua kwamba wewe ndiye uliyemzaa. Jina lako hatukumficha. Lakini aliyempeleka shule na kumfundisha kuendesha gari ni mimi, na huniita Dad.

Sasa sikiliza ilivyotokea. Jumapili moja mwisho wa Julai, baada ya ibada, tulikuwa ukumbini tunakula. Kuna mama mmoja, Nishimwe, aliyehamia Laurel majuzi tu. Dada yake anakaa hapo hapo Meheba. Akamfuata Anysie na sahani mkononi, akamkumbatia, akasema kwa sauti ya furaha:

"Mama Uwase! Dada yangu ameniambia! Mume wako wa kwanza amefufuka! Mbona hamjatoa ushuhuda kanisani?"

Watu wakageuka kututazama. Anysie alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwenzake. Kisha akageuka akanitafuta. Nilikuwa na tonge mdomoni. Sikuweza kulimeza, sikuweza kulitema. Aliponiona hivyo, akajua.

Tulipoingia garini ndipo akaniuliza:

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa kwanza wa mwaka huu?"

"Ndiyo."

"Pasaka nimeimba, Lévi. Nimekupikia. Nimelala ubavuni mwako. Na Cyriaque yuko hai, ananiuliza."

"Niliogopa utaondoka."

"Ungeniuliza ungejua." Alikuwa anatazama mbele, barabarani. "Mwaka ule wazee walikaa wakaniamulia. Nikakubali, nilikuwa na mtoto mgongoni. Leo umekaa wewe peke yako, ukaniamulia tena."

Uwase alikuwa nyuma na wadogo zake. Siku zote anapanda garini na vitu vya muziki masikioni, nikadhani hasikii. Akavitoa.

"Dad, ni kweli? Baba yangu yuko alive?"

Nikamwambia ni kweli. Tangu siku ile hajaniita Dad.

Kesho yake Anysie na Uwase walihamia kwa Mumbi, Mkenya mmoja nesi, rafiki wa Anysie, anayekaa Wheaton. Wavulana wamebaki nami. Nilikwenda huko kuomba kuonana naye. Mumbi alifungua mlango nusu, akasimama katikati.

"Lévi, leo hapa huingii," akaniambia. "Ametoka kazini, amelala. Na hata angekuwa macho, mimi sitamuamulia. Enda nyumbani upikie hao vijana. Siku akitaka kukuona, atakuja mwenyewe. Njia anaijua."

Nikarudi. Barua zako zote nimempa. Nilizipeleka nikaziacha kwa Mumbi, hata ile niliyokuandikia kwamba mama watoto anakusalimu. Anysie alinitumia ujumbe mmoja tu: "Ulimtumia mume wangu salamu zangu bila mimi kujua."

Sikuombi kitu, Kaka. Sina uso wa kuomba. Lakini kama unaweza, niandikie hata neno la hasira. Nyumba hii imekuwa kimya mno.

Lévi


Laurel
5 Oktoba 2025

Kaka Cyriaque,

Hukunijibu, na nastahili. Naandika kwa sababu lazima ujue kabla.

Anysie anakuja kwako pamoja na Uwase. Amekata tiketi, amechukua likizo bila kunishauri. Watatua Lusaka, halafu watapanda basi. Alikuja Jumamosi kuwaaga wavulana, akawapikia, akawakata nywele, akakagua madaftari yao. Isack akamwuliza, "Mama, unaenda kwa nani?" Akamjibu, "Kwa mkubwa wa baba yako." Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nilipotoka kumwuliza kama atarudi, alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

"Nitarudi kwa sababu nina watoto," akasema. "Hayo mengine usiniulize leo."

Kaka, wewe ndiwe mkubwa. Ukisema arudi kwako, mimi sitasimama mbele yako. Imeniwia vigumu, lakini nimeandika. Nakuomba tu, wavulana ni wadogo.

Wakifika, nijulishe kwamba wamefika salama. Hilo tu.

Lévi


Meheba
23 Novemba 2025

Lévi,

Walifika. Najua ndilo neno unalolingoja, ndiyo maana nimeliweka mbele ya salamu. Walifika salama, wametapakaa matope ya njia, na Uwase alikuwa anatapika kwa sababu ya basi. Sasa ni mzima.

Nilikuwa nimefagia, nimeazima viti, nimevaa shati la Pasta Elisante. Nilijiandaa kumwona yule msichana niliyemwacha vichakani. Akashuka mama wa watu, ana miwani na mvi kidogo chini ya kilemba. Nadhani naye alishangaa vilevile, maana nami nimekuwa mzee na meno yangu si yale. Tukasimama. Miaka yote hii nilijiambia kwamba hata kama uso wake utabadilika, nitamjua kwa sauti. Akafungua kinywa akasema, na hakuna kilichonifikia. Hapo ndipo nilipolia. Wao walidhani nalia kwa furaha.

Nasoma midomo kidogo, ila midomo ya Anysie nimeizoea ilivyokuwa, si ilivyo sasa. Uwase akaona sielewi. Akatoa kalamu na karatasi katika mfuko wake, akakaa katikati yetu, akawa anaandika kila mama yake analosema. Wewe uliniambia mtoto huyu hajibu Kiswahili. Ameandika Kiswahili siku nzima. Anakiandika vibaya, anakata maneno kama mtu anayepasua kuni kwa mara ya kwanza. "Ana sema ume konda sana." "Ana uliza una pika nini." Karatasi hizo nimeziweka zote.

Siku ya pili Anysie akasema amekuja kwa jambo. Akazungumza kwa muda, Uwase akaandika mistari miwili, kisha kalamu ikasimama. Mama yake akamgusa bega aendelee. Hakuendelea. Akanitazama, macho yamejaa. Nikamwambia, "Acha, mwanangu. Hilo nalijua."

Lévi, nitakwambia jambo nililowaambia wao. Ile ibada niliyoiona kwenye simu ya Pasta haikuishia kwenye ngoma. Mwishoni mchungaji aliziita familia mbele zibarikiwe. Uliiacha ngoma, ukaenda kusimama na Anysie. Picha ilikuwa ndogo, umri wake sikuuona, lakini nilimjua, na mkono wako ulikuwa begani mwake. Mbele yenu wavulana wawili, pembeni binti mrefu mwenye paji la uso la Mama. Niliyaona hayo kabla sijakuandikia salamu ya kwanza.

Uwase akaandika haraka: "Kwa nini uli uliza?"

Nikamwambia, "Nilitaka mdogo wangu aniambie mwenyewe."

Anysie aliinama. Kisha akamwambia Uwase aandike, na safari hii aliandika neno kwa neno: "Siku kuja kuomba ruhusa. Nime kuja kuku ambia uso kwa uso, kwa sababu hakuna mtu ame kupa heshima hiyo. Wewe uli kuwa mume wangu na siku kuacha. Nili ambiwa ume kufa. Sasa nina watoto wa Lévi, na maisha yangu yako kule. Siwezi kurudi nyuma."

Hapo nilimwambia Anysie neno baya. Sitaliandika. Pasta aliyekuwa mlangoni alinishika mkono anitoe nje. Anysie alivua viatu vyake vya Marekani, akachukua jembe langu, akaenda shambani kwangu, akalima. Ndio majira ya kupanda huku, nami nilikuwa nimechelewa kwa sababu ya kuwangoja. Alilima mpaka jua likawa kali. Mimi nikakaa kivulini kama mjinga, namtazama mke wangu ambaye si mke wangu akinilimia. Mwisho nikaona aibu, nikachukua mbegu nikamfuata nyuma, yeye anachimba mashimo, mimi nafukia. Hatukuandikiana kitu. Tulimaliza upande wote wa mtoni.

Jioni nilimwambia mbele ya Pasta: Anysie, mimi sikudai. Nilikufa, ukanililia, ukaishi. Hukufanya kosa. Nilisema kwa sauti ambayo mwenyewe siisikii, nikamwuliza Uwase kama nimesema vizuri. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Hayo ni ya Anysie. Yako ni mengine.

Kwa kumwoa hukunikosea. Ulifanya ambalo ningekuomba ulifanye kama ningepata nafasi ya kukuomba siku ile barabarani. Umemlea mwanangu, na amelelewa vizuri. Aliposikia nasema jina lako kwa hasira, aliniandikia: "Usi mseme hivyo." Lakini tangu Januari mpaka Julai, Lévi, ulijua niko hai, ukaendelea kunifanya maiti. Wazee walinizika kwa kutojua. Wewe ulinizika unanisoma. Ukanitumia salamu za mke wangu kwa jina la mama watoto. Hilo limenikaa hapa, na sijui litatoka lini. Usiniandikie mpaka mimi nikuandikie. Si laana. Ni kwamba kila picha ya mwandiko wako inaponifikia, naanza kutafuta kilichofichwa ndani yake, na nimechoka kukusoma hivyo.

Ulisema mimi ni mkubwa, nikisema arudi kwangu hutasimama. Nilimwonyesha Anysie mstari huo. Alicheka kwa uchungu, akaniandikia kwa mkono wake mwenyewe: "Bado anadhani mimi ni kiti cha kupokezana." Kama atarudi nyumbani kwako au atakaa kwa rafiki yake, hakuniambia, nami sikumwuliza. Mwulize yeye. Akikujibu, sikiliza, usimjibie.

Kuhusu Mama, nilimzika kwa mikono yangu. Mengine nitakwambia siku tutakapoonana. Tusipoonana, yatabaki kwangu.

Anysie anaondoka kesho kutwa. Pasta atamsindikiza hadi Lusaka, halafu utamkuta uwanja wa ndege wa Dulles siku atakayokutajia mwenyewe. Nenda na wavulana. Atashuka peke yake. Usishtuke ukimwona hana mtoto, ndiyo maana nakuandikia barua hii itangulie.

Uwase amebaki. Si mimi niliyemwomba. Jana aliweka karatasi mbele yangu: "Naweza kukaa mpaka Januari?" Mama yake alikataa, wakagombana kwa Kiingereza, nikawa natazama mikono yao tu. Mwishowe Anysie akakubali, chuo kitamngoja muhula mmoja. Sasa hivi yuko nje na mabinti wa jirani, wanamcheka jinsi anavyochota maji. Nilimwuliza ataniitaje. Aliwaza sana, akaandika "bado". Sikumharakisha.

Najua utamkosa. Najua utalala ukiuliza kama amekula, kama mbu wanamwuma, kama anakukumbuka. Mimi nimeuliza hayo tangu akiwa na miaka miwili. Wewe umekaa naye miaka yote hiyo bila mimi. Mvumilie miezi hii miwili bila wewe. Nitamrudisha.

Bado kaka yako,
Cyriaque